Ubao Wako wa Mkuyu

Ipuli, Tabora
11 Mei 1975

Kwa shemeji yangu mpenzi Twalibu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa mbele ya cherehani yako, mguu hausumbui sana, na Mwanahawa na watoto wakiwa na afya zao. Je, kwapa limepona? Ulisema gongo jipya limekuchubua. Paka mafuta ya nazi ukiyapata, na ulifunge gongo lenyewe kitambaa laini. Wewe fundi cherehani hukosi kipande. Sisi huku tu wazima wa kuweza kusimama. Mvua zimekatika, unga tunaupanga foleni, lakini hatujalala na njaa. Mimi nimetoka eda. Maua, jirani yangu, alikuja kunisaidia kuoga, akanivalisha kanga ya rangi, nikajiona kama nimeazima nguo ya mtu.

Barua zako zote nimezipata. Katika kila moja, baada ya kunipa pole, umeuliza kwa upole habari za ubao wako. Katika hii ya mwisho umesema kusi imeanza kuvuma Ujiji na ziwa limeanza kuumuka, na kwamba jioni huwa unakwenda kuyatazama mawimbi tu, kisha unarudi. Sikunyamaza kwa kukupuuza. Leo nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali kidogo. Nimechoka, shemeji, na nikikata njia ya mkato sitafika.

Unaikumbuka ile barua uliyomwandikia marehemu ndugu yako Mabruki mwaka juzi? Ulimwambia umechoka kuubeba mwili wako, na kwamba tangu utotoni hujapata kupumzika kama ulivyokuwa ukipumzika juu ya kile kipande cha ubavu wa mtumbwi, umelala kifudifudi, wimbi likikuleta mpaka mchangani. Aliisoma akaikunja akaiweka chini ya randa. Usiku ule hakula vizuri. Akanisimulia nisiyoyajua: kwamba watoto wenzenu walikuita Kijiti kwa sababu ya mguu, lakini mkiingia majini hao hao wanabaki nyuma yako wakikohoa. Akasema, "Mwanamkuu, juu ya ubao Twalibu hana mguu mbovu." Kesho yake akaanza kuchonga.

Ubao wa kwanza aliuchonga kwa mninga. Elieza, fundi mwenzake pale karakana, alimwambia mninga ni mzito, na kwamba kitu cha kuelea hakichongwi kama kitanda cha harusi. Marehemu akajibu kwamba fundi wa Tabora hampelekei ndugu yake mti wa ovyo, watu wa Ujiji wangemwonaje. Akaupiga randa mpaka ukawa umenyooka kama kioo. Unamjua ndugu yako. Kazi yake yote duniani ilikuwa kuzuia mbao zisipinde. Alikuwa akifumba jicho moja anautazama ubao kwa ncha yake, na akiuona umeinama hata kidogo anaurudisha kwenye benchi kama mtu aliyetukanwa.

Kwa kuwa wewe uko mbali, na kimo chako na changu ni kimoja, vipimo alivichukua kwangu. Nililala kifudifudi juu ya benchi la karakana, kidevu juu, mikono ikikata maji ambayo hayapo, naye akanizunguka na chaki akitia alama mabegani, mbavuni na kiunoni. Alitaka ubao uishie kiunoni ili miguu ibaki majini, na ule mguu wako ubebwe na maji bila kufanya kazi yoyote. Maua akaingia kuomba moto, akanikuta katika hali hiyo. Alisimama mlangoni akauliza kama nimegeuka samaki au nimepagawa. Habari ikaenea Ipuli nzima. Bwana Tobias, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kuuliza kwa heshima mbao hizi ni za nini wakati nchi nzima imeambiwa ilime. Akaelezwa ni za kulalia juu ya maji. Akafikiri kidogo, akasema yeye tangu juzi hana hata maji ya kuoga. Naye Popatlal wa duka la nguo alipoziona zimeegemezwa ukutani alidhani ni meza za kupigia pasi, akataka auziwe moja. "Lakini fundi, hii kwa pasi ya nani? Ya tembo?" Siku ile ndugu yako alicheka mpaka akaweka msumeno chini.

Mawimbi huku hatuna. Jumapili tulikuwa tunakwenda Bwawa la Igombe, tunafunga kamba kwenye pua ya ubao, Elieza anaendesha baiskeli juu ya ukingo na marehemu analala juu ya ubao kuvutwa. Ule wa mninga ulikwenda kidogo, pua ikachoma maji, ukazama naye. Alitoka na tope mpaka masikioni. Akaupunguza unene, ukazama. Baadaye Lugembe, rafiki yake wa Kwihara, akampa mkuyu wake ulioangushwa na upepo, akaupasua mbao nyepesi nzuri. Akachonga mmoja, akachonga mwingine, zote zimenyooka, zote zikachoma maji. Tulikuwa tunarudi jioni tumelowa, ubao umefungwa nyuma ya baiskeli. Nilimwambia apumzike. Akasema wewe pia hujapumzika.

Kati ya mbao zile za mkuyu, mmoja uliharibika. Nilikuwa nimeuegemeza karibu na jiko la nje, ncha moja juani na nyingine kivulini, ukakauka vibaya. Ncha ya juani ikapinda kwenda juu. Marehemu aliutazama mara moja tu, akautupa kwenye kuni. Mimi ndiye nilikuwa niupasue. Nilipoulaza chini nikashika shoka, nikauona umekaa vile vile nilivyokuwa nimekaa mimi juu ya benchi, kidevu juu. Nikaweka shoka, nikamwita. Akaniambia, "Unataka nimpelekee mdogo wangu kuni?" Akarudi karakana. Lakini Jumapili iliyofuata nilimwona anaufunga mwenyewe kwenye baiskeli, tena ameufunika gunia ili mafundi wenzake wasiuone.

Shemeji, ubao ule ulikwenda. Elieza alikanyaga baiskeli mpaka mwisho wa ukingo na pua haikugusa maji. Kamba ilipolegea, ndugu yako aliendelea kuteleza peke yake kimya kimya, shavu amelilaza kwenye ubao kama mtoto mgongoni. Nilikuwa ng'ambo ya pili na nguo zake kavu mkononi. Alipotoka alikaa kwenye nyasi, akapitisha kidole kwenye ule upindo, akaurudia tena na tena.

Akaumalizia kwa upendo. Akauviringisha kingo, akaupiga msasa, mimi nikausugua nta, sugua na sugua, ili maji yasiingie na tumbo lako lisiteleze. Nyumba nzima ikanukia asali, na nyuki walikuwa wanakuja kuuzunguka mpaka nikauhamishia chumbani. Hapo ndipo alipokuandikia kwamba uko tayari. Alitaka aulete mwenyewe kwa treni akimaliza kazi za Ntalikwa, maana alisema wimbi la kwanza atakusukuma yeye, kama zamani.

Kazi za Ntalikwa unazijua kwa kusikia. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, shule ikahitaji madawati na milango kabla ya kufunguliwa. Gari lilikuja likabeba mbao zote za karakana, na mafundi juu yake. Walifanya kazi kwenye jengo lisilo na paa, na mvua za Desemba haziulizi. Alirudi kifua kimembana. Hospitali walijitahidi. Mengine ulisomewa kwenye simu ya maandishi niliyokupigia, na najua ulifika stesheni ya Kigoma na gongo lako ukakuta treni imekwisha kuondoka. Usijilaumu. Hata ungeipata, usingemkuta. Tulimzika siku ile ile.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazunguka.

Sisi wanawake tulikuwa ndani. Shaban wa msikitini, aliyesimamia uchimbaji, alikuja dirishani akauliza mbao za kufunikia mwanandani ziko wapi. Hakuna aliyekuja na hata ubao mmoja. Kila mtu alijua hii ni nyumba ya seremala, na nani abebe mbao kuzipeleka nyumbani kwa seremala? Watu waliingia karakana wakakuta vumbi la mbao tu. Mbao za Mabruki zote zilikuwa Ntalikwa, zimekuwa madawati. Akiba ya msikiti ilikuwa imekwisha, wapasuaji mbao wamehamishiwa vijijini, na mvua ilikuwa imeanza kuingia kaburini. Zilizobaki ni zile zilizoegemea ukutani, ule wa mninga na zile za mkuyu zilizozama. Zilitosha kuvuka mwanandani kwa upana. Nikawaambia wazichukue.

Baada ya muda Shaban akarudi, kanzu imemganda mwilini kwa mvua. Hakutaka kunitazama. Akasema, "Dada, bado mmoja. Kichwani pako wazi."

Wako ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba, nimeufunga kwenye kanga yangu, tayari kwa safari. Maua alikuwa ananiona. Akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba ule ni amana ya mtu. Nilijua ni amana, na nilijua ni ya nani. Nikaukunjua kwenye kanga, nikaupitisha dirishani kwa mikono yangu.

Shaban alinieleza baadaye kwamba haukulala sawa na wenzake. Upindo wake uliacha mwanya, wakauziba kwa nyasi na udongo. Akaniomba radhi, akidhani wamemfunika fundi kwa ubao uliokosewa, akasema pia mikono yake ilinukia nta siku nzima hata alipokula. Nikamwambia haukukosewa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, shemeji. Zile zilizonyooka zimemfunika mwili, na ule uliopinda umemfunika uso, udongo usimguse. Nilitoa mali yako bila kukuuliza. Sikuombi msamaha kama mtu aliyekosa, kwa sababu siku ile ikirudi nitautoa tena. Ila nilishindwa kukuandikia wakati wewe unaendelea kwenda kuyatazama mawimbi na kurudi.

Sasa nikwambie lingine. Kwa Lugembe ulikuwa umebaki ubao mmoja wa mkuyu ule ule. Nilipokuwa eda nilimwomba Maua akauchukue kwa baiskeli ya mumewe. Nikauegemeza pale pale karibu na jiko la nje, ncha moja juani na nyingine kivulini. Mvua ikija nauingiza ndani, jua likihama nauhamisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya eda. Muda mrefu ulikataa kabisa, umenyooka kama askari, nami nikachoka nao nikataka kuuacha. Mwezi uliopita umeanza kuinua kidevu.

Elieza amesema atauchonga, lakini alama za chaki zilifutika na vipimo hakuna aliyeviandika. Vipimo vyako viko kwangu tu. Juzi nikaingia karakana, nikalala tena kifudifudi juu ya benchi. Elieza kwa heshima alikaa nje ya mlango ametupa mgongo, anaelekeza kwa sauti, na Maua akawa anachora. Safari hii hakunitania. Alipofika kiunoni aliuliza aishie wapi. Nikamwambia hapo hapo, miguu ibaki majini.

Nta nitausugua mwenyewe. Ukiwa tayari, sitaupa treni peke yake, nitauleta. Kama moyo wako hauutaki tena, niandikie neno moja, sitakasirika, nitakuja tu kuwasalimu. Lakini kama unautaka, nitakuomba jambo. Sijui kuogelea, na ziwa lenu naliogopa. Ila nimeuliza kama ufukwe wa Ujiji una mahali maji yanaishia kiunoni, nimeambiwa papo. Hapo naweza kusimama. Utalala juu ya ubao, wimbi likija uniambie, nami nitakusukuma.

Maua anakusalimu sana, Elieza pia, na Bwana Tobias ameniambia nikuulize kama huko Ujiji mawimbi yanalimwa. Wabusu watoto, na Mwanahawa mwambie asihangaike kupika mengi, nitakuja na asali. Mungu awahifadhi nyote, na amrehemu aliyetutangulia.

Ni mimi shemeji yako,
Mwanamkuu wa Mabruki