Dudumizi wa Nyuma ya Jiko

Mpwa wangu mpendwa Oliva,

Tangu uhamie kazini Mbesa, mambo yote ya ndege hapa Songea yameniangukia mimi. Mtu akiona ndege asiyemjua, hata awe Madaba, anaambiwa, "Mpelekee Mjomba." Juzi mwewe alipita juu ya paa, akaniona, akageuza njia. Ujue shule niliishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa uvumilivu.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Kiangazi kinaisha, mijakaranda imechanua, tumekaa kwenye benchi nyuma ya jiko, wewe na darubini yako, mimi na kikombe cha togwa. Kitu cha kahawia kikajipenyeza kichakani. Nikasema ni kuku wa jirani. Ulicheka mpaka ukamwaga togwa yangu.

"Mjomba, huyo ni dudumizi! Ndiye anayeita mvua."

Tangu siku hiyo hakuna anayepanda mahindi mtaa huu kabla sijatangaza kwamba dudumizi ameita. Ulipoondoka ukaniachia neno moja: "Nikirudi Krismasi nimkute." Nikakuapia, mkono juu.

Sasa sikiliza. Ile klabu yetu ya kuangalia ndege ilipanga kuja kwangu Jumamosi. Mwalimu Anjelika, mwenyekiti wetu, alishasema kwamba uani kwangu pakikosa ndege, mikutano itahamia Peramiho. Mimi nipokee wageni penye majani? Niliamka alfajiri, nikafyeka, nikafagia, nikapaka chokaa mashina ya mipera. Kichaka nacho nikakishusha chote, nikachoma moto. Uani paling'aa hata askofu angepita bila viatu.

Mke wangu, Mama Devota, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Devota, wageni wanakuja kuangalia nini?"

"Ndege."

"Watakaa wapi?"

"Kwenye viti. Nimeazima kanisani."

"Nauliza hao ndege!"

Oliva, niligeuka nikatazama pale palipokuwa na kichaka. Nilikuona wewe unashuka kwenye basi, unakwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, unakuta chokaa.

Wakaja, wakakaa. Hakuna hata ndege mmoja. Mwalimu Anjelika alizungusha darubini pande zote, akaishusha.

"Mjomba, hapa umetuandalia harusi."

"Hata panzi amehama," akadakia fundi cherehani, yule mwanachama mwenye mdomo.

Nikasema naenda kuangalia chai. Muda si muda, nyuma ya choo ikasikika: du-du-du-du-du, inashuka kama maji yanayotoka kwenye chupa. Wote wakasimama. Halafu, nakuapia tena, kutoka migomba ya jirani akajibu mwingine: du-du-du-du!

"Wapo wawili!" Mwalimu Anjelika akatangaza. "Peramiho basi. Tunabaki hapa hapa."

Nilirudi na chai. Kumbe dudumizi wetu hajaenda mbali, alihamia migombani tu, ananisubiri nipate akili.

Mvua ya kwanza imeshanyesha. Visiki vya kichaka vimechipua, na panga nimemkabidhi Mama Devota alifiche. Asubuhi dudumizi anakuja, anatembea kwenye machipukizi kwa madaha kama mwenye nyumba, na mimi nakaa upande wangu wa benchi. Upande wako sikai. Namwangalia, nakunywa togwa, moyo umetulia. Klabu wakija wananipisha mbele, na napenda, sikufichi.

Kwa hiyo njoo Krismasi, utamkuta kama nilivyoapa. Ila utamkuta mmoja. Mwalimu Anjelika atakuambia wawili, na wewe mpwa wangu usibishane naye mbele za watu. Yule wa nyuma ya choo alikuwa amechuchumaa, viganja vimefunika mdomo, na amevaa shati la bluu ulilomnunulia.

Ni mimi,
Mjomba wako