Kwa Baba Nekesa, Kabla ya Kumzima Shosho

Jumapili, 29 Novemba 2009. Asubuhi manyunyu, ukungu mzito upande wa Kabete. Nimeenda kanisani na mwavuli, nikarudi bila kuufungua.

Baba Nekesa,

Nilijiambia nitakuandikia siku nitakapokuwa na habari njema, na kwa namna fulani leo ninayo. Shosho, ile kompyuta yetu kuu tuliyoipa jina la bibi kwa uzee wake, anazimwa Ijumaa. Safari hii si stima iliyopotea wala feni yake iliyokwama. Anazimwa kwa idhini ya mkurugenzi, kwa barua yenye mhuri, na hatawashwa tena. Pesa zimepatikana. Umesikia? Zimepatikana, nawe hupo.

Wacha nikueleze kwa mpangilio, maana unajua nisipopanga mambo ninachanganyikiwa. Ulikuwa unanicheka kila ukinikuta nimeinamia shajara yangu wakati wa chai. "Andika, Wairimu, andika. Siku ya hukumu Mungu mwenyewe atakuomba kopi."

Ulituacha wakati mbaya. Mawakala wetu wa Eldoret na Kisumu walikuwa bado hawajasimama sawasawa tangu vurugu za uchaguzi, kisha ukame ukaingia, na mtu ambaye ng'ombe wake amekufa hanunui dawa ya minyoo. Juu ya hayo, huko ng'ambo tunakonunua dawa, mabenki yalikuwa yakitikisika na kila mtu akidai alipwe kwanza. Sasa mvua imerudi. Ng'ombe waliobaki wanaanza kunona, mawakala wanaagiza tena, na lori linatoka limejaa. Mwezi uliopita mkurugenzi alituita mkutanoni, akasema wakati umefika wa kutengeneza upande wa kompyuta.

Nilikaa kwenye kiti chako. Hakuna aliyeniambia nikae pale, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Kelvin, ametoka kampuni itakayotukodishia mitambo, amevaa viatu vyenye ncha. Anajua kazi yake, sitamsema vibaya. Alieleza kwamba kampuni zinazotoka kwenye hali ngumu zote zinafanya jambo moja: hakuna tena anayetaka kununua mashine kubwa na kuifungia chumbani. Wanakodi, wanalipa kila mwezi kama mtu anayelipa nyumba, na biashara ikipungua wanapunguza. Rekodi zetu zitakaa kwenye jengo lao Westlands, ndani ya mashine moja inayojigawa ikajifanya kumi. Ule mtaro uliochimbwa barabarani, uliokaribia kukumeza wewe na maziwa yako, ndio uliopitisha faiba, ule waya wa intaneti unaotoka baharini, na sasa imepandishwa hadi orofa yetu. Wakala ataagiza kwa simu akiwa Eldoret, na stoo itapungua yenyewe kwenye kompyuta. Kanda za nakala za rekodi nilizokuwa nikizibadilisha kila jioni hazitahitajika. Hata kompyuta za mezani, zikifa, hazitanunuliwa tena zile za zamani. Tutaletewa visanduku vidogo visivyohifadhi kitu ndani, na vinavyokula stima kidogo.

Kelvin aliliita jambo lote hilo wingu. Mkurugenzi akauliza, "Na mvua ikinyesha?" Watu wakacheka, nami nikajikuta nakutafuta kwa macho pale mezani.

Kwa sababu wewe ulishayasema. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba cha Shosho na moja ya yale magazeti ya kompyuta uliyokuwa ukiyanunua kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu. Ukaniambia, "Waya ukishafika kutoka baharini, hiki chumba watu wataweka ufagio." Nilidhani unatania. Baba Nekesa, chumba kinageuzwa stoo ya sampuli, na ufagio umeshawekwa.

Nisingekuwa na uchungu kama jambo lingekuwa ni wao kuchelewa tu. Kampuni nyingi zimechelewa. Uchungu wangu uko kwenye neno moja. Kila mwaka uliomba mashine mpya. Mwaka mzuri waliona hakuna haja, mwaka mbaya wakaona hakuna pesa, na miaka yote mkurugenzi alifunga mazungumzo kwa namna ile ile, akikugonga begani: "Wafula ataiweza."

Ilikuwa sifa. Ulitoka mkutanoni ukiwa umenyimwa ulichoomba na bado unatabasamu. Mimi nilijivunia kuwa mwanafunzi wa mtu anayesemwa hivyo. Sasa nikilikumbuka neno hilo naona lilikuwa linafanya kazi gani. Liliwaokolea bajeti.

Na kweli uliiweza. Stima ikipotea na kurudi, Shosho alikuwa hawaki kwa mtu mwingine yeyote. Ulichomoa diski ya pili, ukabonyeza swichi, ukaweka sikio ubavuni mwake ukingoja sauti itulie kama ya mtu aliyeshikwa na usingizi, ndipo ukairudisha diski taratibu. Ulinifundisha hatua zote, lakini sikio hukuweza kunipa. Kompyuta iliyokufa kule mapokezi uliipasua, ukachukua ulichochukua, ukaja ukisema, "Leo Shosho amepata figo." Tulifurahi. Wala hatukuona kwamba kila ulipomfufua, siku ya kununua mwingine ilisogezwa mbele tena.

Maziwa yako ya pakiti yalikaa chini ya ile mashine ya kupoza hewa, mahali penye baridi kuliko pote ofisini. Ulikunywa kidogo kidogo mchana kutwa ukisema yanatuliza moto. Daktari alikuwa ameshakuambia vidonda vya tumbo si vya kutulizwa kwa maziwa, na kwamba ulazwe uangaliwe ndani. Nawe ulikuwa na jibu: "Mashine ikija, nitaingia hospitali mwezi mzima, nilale kama mtalii."

Ile Jumanne ya Machi stima ilipotea mjini kote. Ulikuwa umeomba siku ya kupumzika, ukapigiwa simu nyumbani Kangemi. Ulifika umeshika tumbo, jasho likikutoka wakati sisi tumevaa sweta. Ulimwasha Shosho. Uliweka sikio, ukangoja, ukarudisha diski, kisha ukakaa sakafuni, ukaegemea ukuta, ukaniambia niende nichapishe ankara kwanza. Nilienda. Niliporudi ulikuwa hujibu vizuri. Hospitali walisema kidonda kimetoboka. Alhamisi ilikuja bila wewe.

Dawa za ng'ombe wa Eldoret zilipakiwa kwa wakati siku ile. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi mno.

Hukuiona safari yako ya mwisho. Kampuni ilitoa lori, lile lenye ng'ombe aliyechorwa ubavuni, na tulikupeleka Bungoma tukiwa tumekalia makatoni. Mkurugenzi alitoka Kitisuru alfajiri, akaendesha mwenyewe hadi nyumbani kwenu. Alilia kaburini. Nilimwona, hakuwa anaigiza. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha, kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningejua nimkasirikie nani. Tuliporudi, nafasi yako haikutangazwa. Ilifutwa. Nilipewa funguo za chumba, na Shosho akaamua kunihurumia, akazimika mara chache tu tangu hapo, na kila mara akakubali kuwaka kwa hatua ulizonifundisha.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Alhamisi hii iliyopita mkurugenzi aliniita. Rekodi zinahamishwa Ijumaa hii inayokuja, na watu wa Kelvin wanamhitaji mtu anayemfahamu Shosho awe nao tangu asubuhi hadi azimwe. Baada ya hapo mimi ndiye nitakayesimamia mfumo mpya, Nairobi na mawakala wote, nikiwa na simu isiyozimwa. Mimi, niliyeanza kwa kubadilisha kanda na cheti cha kidato cha nne. Kelvin akauliza nitasaidiana na nani, maana kwingine huwa wanafundisha watu wawili. Mkurugenzi akatabasamu kwa upendo kabisa, akasema, "Wairimu ataiweza."

Baba Nekesa, nilifurahi. Kabla sijasikia kitu kingine chochote moyoni nilisikia furaha, joto hapa kifuani, kama mtoto aliyetajwa mbele ya shule. Nikasema, "Sawa."

Na Ijumaa hiyo nina kliniki. Nina uvimbe nyuma ya sikio, unaoteremka shingoni, hauumi, ila umekuwa ukiongezeka. Wanataka wakate kipande wakipime, na kazi hiyo wanaifanya Ijumaa pekee. Tarehe yangu ya kwanza iliangukia siku ya ule mkutano, nikaiacha. Hii ni ya pili. Nilipotoka kwa mkurugenzi nilijiambia wiki moja au mbili si kitu, nitaomba nyingine.

Jana nilienda Kenyatta Market kusukwa. Mama Nekesa anasuka pale siku hizi, amekodi kiti kwenye saluni ya binamu yake. Mikono yake ni myepesi na wateja wanampenda. Nekesa yuko kidato cha tatu, anasema kompyuta hataki hata kuziona, anataka uuguzi. Moshi wa nyama choma ulikuwa unatuingilia mlangoni, na wale wasichana wa saluni walikuwa wamesikia habari zangu. "Mama Nekesa, msuke huyu vizuri, amepewa cheo!" "Vizuri sana hadi bosi asimjue, amwandike kazi mara ya pili, alipwe mishahara miwili!" Hata Mama Nekesa wako alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Machi.

Kisha vidole vyake vikafika nyuma ya sikio, vikasimama.

"Wairimu, hii ni nini?"

"Ni kitu kidogo tu, Mama Nekesa. Kliniki wamenipa tarehe."

"Lini?"

"Ijumaa. Lakini Ijumaa tunahamisha mashine, nitaomba siku nyingine."

Aliacha kitana kimening'inia kwenye nywele zangu. Hakunigombeza. Aliinama akasema pale sikioni, wale wengine wasisikie, "Baada ya mashine." Hakuuliza. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mahali alipowahi kuishi. Halafu akaendelea kusuka, akivuta kwa nguvu hadi machozi yakanitoka, nami sikumwambia kwamba ananiumiza.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria jambo ambalo sikuwahi kukuambia ukiwa hai, kwa sababu lilikuwa halijanijia. Natamani mara moja tu ungeshindwa. Siku moja tu Shosho angekataa, ukatoka nje na mikono mitupu, ukasema, "Amekufa, siwezi." Mawakala wangepiga kelele siku mbili, mkurugenzi angekufokea mbele ya watu, halafu angenunua mashine. Wangekuita mzembe. Ungeudhika wiki nzima na kunijibu kwa mkato. Nami leo ningekuletea haya magazeti ya kompyuta aliyotuachia Kelvin, mapya kabisa, uyasome ukinywa uji hapo Kangemi na kuniambia ni wapi wamekosea.

Mchana nilimpigia Atieno wa mapokezi. Unamkumbuka, yule uliyemnyang'anya figo. Amekubali nimfundishe kuanzia kesho hadi Alhamisi. Anashika mambo upesi, na kumzima Shosho ni rahisi kuliko kumwasha. Kisha nilimtumia mkurugenzi ujumbe. Niliuandika na kuufuta mara kadhaa, mwishowe ukabaki mfupi: Ijumaa niko hospitali, Atieno atakuwepo na watu wa Kelvin. Nikirudi naomba tuzungumze kuhusu mtu wa pili, sitaishika kazi hii peke yangu.

Hajajibu. Huenda ana wageni. Huenda amekasirika, na Jumatatu ya wiki nyingine nikirudi nitamkuta mtu wa Kelvin kwenye kiti kile, maana siku hizi hata watu wanakodishwa. Nitasikitika sana ikiwa hivyo. Nimeipenda kazi hii, nawe ndiwe uliyenifanya niipende. Naogopa, Baba Nekesa. Naogopa hospitali na naogopa ofisi, na sijui ni ipi ninayoiogopa zaidi.

Kwaheri, mwalimu wangu. Pumzika, hakuna anayekupigia simu tena. Siwezi kukuahidi kwamba nitapona, hilo si langu kuahidi, wala siwezi kukuahidi kwamba nitafika mahali ulipotaka nifike. Nakuahidi Ijumaa. Asubuhi nitakuwa kwenye foleni ya kliniki, nimekaa, simu nimeizima. Ikiwa kila kitu kitasimama kule mjini kwa sababu mimi sipo, basi na kisimame.

Ni mimi Wairimu.

Saa sita kasoro robo usiku. Bado hajajibu. Nalala.