Makochi Yasiyo na Bei

Masumbwe, Mbogwe,
21 Julai 2025

Mpendwa dada Mageni,

Shikamoo dada yangu. Presha imetulia? Na lile goti, baridi ya Mbeya bado inalisumbua? Sisi huku wazima. Mama Nelly amenenepa kwa furaha, na ng'ombe hawajambo ingawa majani yameanza kukauka.

Nelly amechumbiwa, hilo unalijua. Wakwe ni watu wa dhahabu wa Geita, wanaishi ghorofani. Nikasema hawa hawatakalia vigoda vyangu halafu wakanicheke. Nikavaa koti, nikapanda basi kwenda Geita kununua makochi.

Dada, nilichoka. Duka zima ni vioo na mazulia, lakini bei haijaandikwa popote. Nikiuliza, muuzaji anatazama viatu vyangu, ananiuliza nafanya kazi gani. Mimi nami kwa kujidai nikamwambia nina ng'ombe mia mbili. Akaingia ndani, akarudi na milioni tano na nusu. Kesho yake jirani yangu Jilala aliingia na kandambili zake, makochi yale yale akaambiwa milioni tatu. Nelly akatafuta maduka mengine kwenye simu, na huko kila anayeuliza bei anajibiwa "njoo inbox". Mimi mnadani nataja bei ya dume langu kila mtu akisikia. Sasa kochi lina siri gani?

Nikamwendea fundi Ndaki hapa hapa Masumbwe. Sijakaa vizuri, bei ameshaitaja, na ndiyo hiyo hiyo anayomtajia mwalimu na mchimbaji. Viti vya mninga, dada, ukikaa hutaki kuinuka. Najivunia, sifichi.

Wakwe walikuja juzi Jumamosi. Kabla ya kikao, baba mdogo Mwigulu alininong'oneza ningoje kwanza nione wamekuja na gari gani, ndipo nitaje ng'ombe wa mahari. Nikachungulia. Magari mawili mapya, yanang'aa. Hesabu ikaanza kupanda yenyewe kichwani. Hapo aibu ikanishika, maana ndivyo nilivyotazamwa viatu kule dukani.

Mshenga wao alipouliza, nikasimama nikasema kwa sauti: ng'ombe kumi na wanane. Baba mdogo akakohoa. Nikawaambia ndio hao hao baba yetu aliowataja kwako ulipoolewa, na hata angekuja muoaji wa baiskeli ningetaja hao hao. Wakakubali bila kupunguza hata ndama.

Msalimie sana shemeji Donatus na mwanao Asteria. Mungu awafunike nyote, akupe nguvu za kuja harusini.

Karibu nisahau. Wageni walipoondoka, Nelly alitoka jikoni akanipigia magoti. Akasema, "Asante baba kwa kunitaja sawa na shangazi."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Maige