Mzee wa Nyuma ya Jiwe

Kwako Kaka,

Pokea salamu za nyumbani. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua asubuhi kabla haijapata joto. Mimi nipo na cherehani yangu, na sare za shule zimenijaa hadi mlangoni kwa kuwa wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao wamerefuka. Natumaini shemeji na watoto ni wazima. Wewe sikuulizi hali. Najua u mzima, na kabla hujamaliza kusoma utajua nimejuaje.

Nimechagua barua kwa makusudi. Simu huwa unaikata ukisikia jambo lisilokupendeza, halafu unasingizia mtandao. Barua haina kitufe cha kukatia. Basi vuta kiti ukae.

Jana Baba Mdogo alikuja na mkokoteni. Alisema umemtuma aichukue kompyuta ya marehemu mdogo wetu, aipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kama ulivyoagiza siku ya kikao cha familia. Kikao hicho nakikumbuka vizuri. Sisi tulikaa sebuleni, wewe ukakaa ndani ya simu iliyowekwa juu ya stuli, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Ulisema bati lile ndilo lililommaliza. Ulisema mwanamume mwenye ndevu zake kushinda akipigana na mashetani ya kwenye kioo ni aibu ya ukoo, na kwamba siku ukija hutaki kulikuta. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya Mama.

Jana sikunyamaza. Nilimwambia Baba Mdogo kuwa kompyuta ile haitoki humu, na kama ni lazima abebe kitu, aanze na cherehani, kisha anibebe na mimi niliyeikalia. Unamjua Baba Mdogo, mtu wa amani. Alijikuna kisogo, akaomba maji ya kunywa, akasema yeye katumwa tu na mjumbe hauawi. Mkokoteni ukarudi mtupu.

Kaka, nina hasira na wewe. Neno hilo sijawahi kukuandikia tangu nijue kushika kalamu. Mimi ni mtoto wa katikati, na kazi yangu tangu zamani ilikuwa kuwashona ninyi wawili mnapochanika. Ndiyo maana mkaniita Sindano. Lakini hata sindano ina ncha, na safari hii nakuchoma nayo.

Nianze na kukukumbusha ni nani aliyeuleta mchezo ule nyumbani. Ni wewe. Ulikuja nao kwenye sidii iliyokwaruzika, uliyoipata kwa rafiki yako wa shule, ukaiingiza kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa Baba na ofisi yake. Ni wewe uliyemweleza Kitinda, marehemu wetu, wakati huo hata meno ya mbele hana, kwamba huu si ule mchezo wa kujenga mji na kununua askari. Hapa unapewa kikosi kidogo kinachovuka nchi iliyojaa wafu wanaotembea, na kikosi hicho ndicho hicho, hakiongezwi mtu. Adui hangoji zamu yake. Ukisita kidogo, mwenzako kaanguka, na aliyeanguka harudi. Aliyepona ndiye unayeendelea naye mbele.

Kiti kilikuwa kimoja. Wewe ulikaa na kushika kipanya, yeye akasimama nyuma yako, kidevu begani mwako, anapiga kelele: "Kushoto, Kaka! Kushoto!" Mama akiuliza kutoka jikoni leo wamekufa wangapi, Kitinda anamjibu kuwa wao wengi, wetu hakuna. Mama naye anasema kama wetu hakuna, basi mashujaa waje waoshe vyombo.

Na ulikuwa na tabia yako moja. Katika kikosi kulikuwa na mzee mwenye mkuki, anachechemea. Kila vita ilipokaribia kuanza, ulimtoa mzee yule mstarini ukamficha nyuma ya jiwe. Kitinda alipouliza kwa nini, ulimwambia: "Huyu asipigane. Sisi sote tukiisha, abaki wa kusimulia." Alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Kisha ukapata kazi mbali. Ulikuwa umebakiza vita ya daraja tu, ile ya mwisho. Begi likiwa begani, ulimgeukia pale mlangoni ukamwambia asiimalize bila wewe. Wewe ulikuwa unaaga. Yeye alisikia amri.

Ugomvi wenu sitaurefusha. Ulimtafutia nafasi kwenye ghala la kampuni yako, akaikataa kwa sababu alitaka kibanda chake cha kutengeneza redio na simu. Ukamwambia hatakuwa mtu. Naye alikujibu maneno ambayo mdogo hamjibu mkubwa, hilo silifichi. Toka hapo kila mmoja akaniuliza mimi habari za mwenzake, huku akijifanya anauliza habari za Mama.

Kompyuta ya Baba ilipokufa, Kitinda alinunua nyingine, akauhamishia mchezo pamoja na vita yenu ya daraja. Mchezo ukagoma. Mara kioo cheusi, sauti inasikika lakini hakuna kitu. Mara nyuso za askari zinakuwa za kijani na anga la waridi. Mara unafunguka vizuri, halafu kikosi kizima kinakimbia kama kimefukuzwa na nyuki na kufa chote kabla hujagusa kipanya. Alinieleza kuwa mashine mpya ina haraka mno. Mchezo ulitengenezwa kwa mashine za polepole, na hakuna aliyeifundisha hii mpya kusubiri. Basi akaifundisha. Alihangaika nayo, akaharibu, akarudia, mpaka akaandika kiprogramu chake cha kuishika breki. Siku askari walipotembea mwendo wa kawaida aliniita nitazame. Nikaona watu wadogo wanapita kwenye majani. Nilimwambia mmoja wao suruali imemkaa vibaya.

Kiprogramu hicho alikiweka kwenye ukumbi wa mtandaoni wanakokutana wapenzi wa mchezo huo. Yupo dereva mstaafu, yupo nesi, yupo baba mmoja aliyetaka kumwonyesha binti yake alichokuwa akicheza ujanani. Wote walikwama palepale, na wote aliwasaidia bila kuchoka. Huko hakutumia jina la nyumbani. Alijiita Mpini. Hiyo ndiyo aibu ya ukoo uliyoitaja ndani ya simu, Kaka.

Moyo wake ulipoanza kumchosha hata akashindwa kufika kibandani, tulihamishia meza yake chumba cha mbele, karibu na cherehani. Ilikuwa mimi nashona, yeye anapumua. Nilikupigia. Ulisema anadeka, na kwamba ukimwonea huruma mtu mvivu unamzika mapema. Nilikupigia tena miguu yake ilipovimba. Ulisema uko kwenye mkutano. Nilikupigia mara ya tatu kukwambia amefariki, na wewe ukasema ruhusa kazini ni ngumu, tuzike, utakuja mambo yakitulia. Tulimzika Jumamosi. Udongo wa mkubwa wake tuliutia kwa mkono wa Baba Mdogo.

Sasa sikiliza. Jambo hili nilishikishwa na marehemu nikaapa kutolisema, na leo navunja kiapo nikiwa na akili zangu timamu.

Wewe huko mtandaoni unaitwa Ngao.

Ngao ndiye aliyeandika mwaka jana kuwa amenunua kompyuta mpya, ameukumbuka mchezo wa utotoni, lakini askari wake wanakimbia kama wendawazimu, nani atamsaidia. Mpini ndiye aliyekusaidia, hatua kwa hatua, nawe ukamwita fundi wa mafundi. Ndipo mkaanza kucheza pamoja kila Jumapili mchana, upande mmoja, wewe na wapiga mishale wako, yeye na vibeti wake wafupi wa kurusha mabomu. Ulimwuliza mbona haongei, anaandika tu, akasema kipaza sauti chake kimekufa. Hakikufa, Kaka. Kipo hapa, kizima. Aliogopa ungemtambua.

Yeye alikutambua Jumapili ya kwanza kabisa. Vita haijaanza, akaona mkuki mmoja unatoka mstarini, unachechemea, unakwenda kujificha nyuma ya jiwe. Aliondoka kwenye kiti akaja kunishika bega kwa nguvu hata nikajidunga kidole. Alisema, "Sindano, ni Kaka."

Nilimwambia akwambie saa ileile. Akakataa. Alisema ukijua ni yeye utazima, na yeye hataki uzime. Siku nyingine ukamwandikia Mpini kwamba una mdogo wako aliyekuwa hodari wa mchezo huu, mligombana, na unaona haya kumpigia. Alinisomea maneno hayo akicheka, kisha akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu. Nilimsihi tena. Akasema utapiga mwenyewe, tusikukimbize. Hata yeye nimemkasirikia kwa hilo. Alikuwa na subira ya kuigawia mashine, na wewe akakupa yote iliyobaki, na wewe hukupiga.

Haya uliyamwambia mtu usiyemjua. Ulimweleza hata kuhusu usingizi wako na bosi wako. Simu ilikuwa mfukoni mwako na namba yake unayo.

Jumapili, kesho yake baada ya kumzika, nimekaa hapa na macho yamevimba, kompyuta ikalia. Nikakiwasha kioo. Ulikuwa wewe. Ruhusa ya kuja kuzika ilikosekana, lakini Jumapili yako ulikuwa nayo. Uliandika: "Mpini, mbona kimya leo?" Wiki iliyofuata ukaandika tena: "Kama unaumwa niambie ndugu yangu, nikuombee. Umekuwa kama mdogo wangu."

Kaka. Kama mdogo wako.

Nilitaka kukujibu papo hapo nikukate maini. Nikazima kioo nikashona kola za watu vibaya siku nzima, nimezifumua zote. Halafu jana unamtuma Baba Mdogo na mkokoteni! Hicho chuma chakavu ndicho unachokibishia hodi kila Jumapili.

Basi usimwandikie tena Mpini. Tumeshamzika.

Unakumbuka uliwahi kumwomba mcheze vita ya daraja, akakataa? Alikwambia hiyo amemwahidi mtu aliye safarini. Ukamtania kuwa mtu huyo ana bahati, angojwe hivyo. Vita hiyo ipo. Nimeifungua leo asubuhi kabla ya kuandika barua hii. Kikosi kimesimama vilevile mlivyokiacha ukiwa na begi begani. Hakumpeleka mtu mbele hata hatua moja. Na nyuma ya jiwe yupo mzee wako. Mimi kupigana sijui, najua kufungua na kufunga tu. Nilimtazama mzee yule kwa muda, nikaona nguo yake inafanana na yangu. Ninyi mlipigana, mimi nikawekwa pembeni. Kazi yake nimeifanya. Nimekusimulia.

Sikuombi msamaha kwa maneno yangu, na sijui kama nitapoa ukifika. Lakini njoo. Kaburi utaonyeshwa na Mama, mimi sitakupeleka. Ukitoka huko, kiti ni kilekile kimoja. Kaa uimalize. Nitasimama nyuma yako kwa kuwa hapana mwingine wa kusimama, ila usitegemee nikwambie adui anatokea wapi.

Mama hayajui haya yote, na anakusalimu sana. Anauliza kila siku kama umepata ruhusa. Baba Mdogo anakusalimu pia, anasema mkokoteni wake usimhusishe tena na mambo ya familia. Nibusie watoto. Mkubwa wako nimemshonea shati kwa vipimo vya kubahatisha. Kama ni dogo, lete mwenyewe nilirekebishe.

Ni mimi mdogo wako uliyebaki naye,

Sindano