Tumekuondolea Matanga kwa Maji

Baba Dezire,

Leo tumekuondolea matanga, na watu wamekunywa maji. Usinune. Nakujua, huko uliko umeshakunja uso kama siku ile nilipokupikia mboga ya lengalenga bila chumvi. Nisikilize kwanza, halafu nuna utakavyo.

Anayeandika ni Mama Furaha, jirani yetu aliyekimbia kutoka Uvira. Mi shule niliipita tu njiani nikienda kisimani. Yeye anapenda kupamba maneno. Namwambia: apana, andika vile ninavyosema.

Siku zako za mwisho uliniambia: "Mama Dezire, siku ya kuniondolea matanga, watu wakunywe bia. Hata Leonidas ashibe." Nikakuitikia. Tangu tukuzike nilikuwa na gunia moja la mpunga chini ya kitanda, la kubadilisha na bia. Wajukuu walilala juu ya kitanda hicho na njaa yao, na sikulifungua.

Unakumbuka shida hii ilivyotuingia. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, hiyo ambargo yao, tulisema ni mambo ya wakubwa, watamalizana wenyewe. Kumbe wakubwa wa kule Kinindo kwenye majumba waliendelea kunawiri, tuliofungwa ni sisi. Kiwanda chenu cha nguo kikakosa mafuta, kikakosa vipuri, mashine zikanyamaza. Wakawarudisha nyumbani na bobini moja moja ya uzi, kama asante. Na bado kila asubuhi ulipiga pasi shati, ukaenda kukaa mbele ya mlango wa kiwanda na wenzako, kama watu wanaosubiri padri. Sikukucheka. Nilikuacha mpaka makaa ya pasi yakaisha, halafu nikakupa jembe.

Wewe na jembe! Tusidanganyane, ulilishika kama mtoto wa mutu mwingine. Ukafunga ule uzi wa kiwanda kwenye vijiti viwili, ukapanda mpunga kwa mstari. Wanawake wa hapa kwetu Buterere wakakuita: "Fundi, unashona matope?" Ukawajibu: "Ndiyo, leteni vifungo." Siku ile ndiyo nilikusikia ukicheka tena.

Tukavuna. Na sokoni? Wanunuzi wetu walikuwa watu wa mshahara, na mshahara umekufa. Mfanyakazi hana cha kununulia, mkulima hana wa kumuuzia, na chumvi inapanda bei kama haioni watu. Mdogo wako Leonidas, kahawa yake iliozea mlimani kwa sababu lori haziwezi kupita penye risasi za vita. Alikimbilia kwetu amevaa viatu vyake vizuri, amebeba kuku mmoja, basi. Halafu homa ikakushika wewe. Nilikwenda farmasi, wakaniambia dawa iko mpakani. Iko mpakani… Mama Furaha anapangusa macho hapa. Namwambia aandike.

Mvua zilizofuata, maji yaliingia Buterere yakabeba miche yote. Mbegu ya akiba watu walikuwa wameshaila. Usiwahukumu. Mtoto akilia, mbegu ni chakula. Rebeka, yule wa shamba la jirani, akaja akakaa mlangoni. "Mi sikuja kuomba," akasema. Nikamwambia: "Umekuja kufanya nini basi, kunilindia nzi?" Akaanza kulia. Kesho yake wakaja wengine, nao hawakuomba, lakini macho yao wote yalikuwa chini ya kitanda. Buterere haina siri.

Leonidas akasimama mbele ya gunia: "Shemeji, kaka yangu hataagwa kwa maji kama ng'ombe!"

Nikamjibu: "Ng'ombe anakunywa maji, anatoa maziwa. We unakunywa bia, unatoa nini?"

Akatoka. Nilijua nimemchoma vibaya. Mutu aliyepoteza kahawa, shamba na kaka, kilichobaki mkononi mwake ni heshima, nami nilikuwa namnyang'anya hata hiyo.

Wewe sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema bia. Nilifungua gunia, nikawapimia mbegu bakuli kwa bakuli mpaka gunia likawa tambara. Nikalia juu ya tambara hilo. Si kwa ajili ya mpunga. Ni kwa sababu nilikuitikia.

Wakati wa kupandikiza nikatoa bobini yako. Nilihitaji mutu wa kushika ncha ya pili. Nani akaja? Leonidas, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Hakunisalimia. Alishika uzi, akaunyosha, shamba kwa shamba, mpaka mpunga wa watu wote ukasimama kwa mstari.

Basi leo wamekuja, wenzako wa kiwanda wakiwa na mashati ya pasi, makaa sijui waliyatoa wapi. Nimesimama na mtungi nikawaambia: "Bia ya Baba Dezire iko shambani, imefika magotini. Kwa sasa kunyweni maji." Nikafikiri wanaondoka. Leonidas akachukua kikombe cha kwanza, akamwaga kidogo chini kwa ajili yako, akanywa yote, akapangusa mdomo kama mutu aliyekunywa kitu. "Kaka," akasema, "haijachacha bado. Itachacha." Hapo wakacheka, na kila mmoja akaanza kusimulia habari zako. Yale matope na vifungo vyako yamesimuliwa mara nyingi mpaka nikachoka.

Nenda sasa, mume wangu, upumzike. Mpunga ukiiva, kila mmoja atarudisha bakuli zake, na bia yako itanywewa, Leonidas ashibe mpaka aimbe vibaya. Maji yakirudi kuubeba, nitapanda tena. Uzi bado upo. Nilikuitikia, na mimi nikiitika nimeitika.

Na usinitokee ndotoni umenuna. Njoo umevaa lile shati.

Mama Dezire