Tundu la Bendera: kwa Papa Vilmos Harmati

Mwaka mmoja umetimia mwezi huu, Papa Vilmos, tangu ulipofumba macho nyumbani Bellevue, Johannesburg, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Mama Arlène. Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu. Utusamehe, mengine yatakuwa machungu, maana mwezi uliopita umetendewa jambo ambalo limekataa kushuka kooni, na wewe haupo wa kujisemea.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Ulikuwa fundi wa kufuli na funguo, na nusu ya milango ya vyumba vya kupanga vya Bellevue imepita mikononi mwako. Mtu akipoteza ufunguo alikuja kukuita katikati ya chakula, nawe ukaenda na ndara zako. Maduka ya wageni yalipovunjwa kule Diepsloot, ulibeba begi la vifaa ukaenda kuwafungia kufuli mpya watu usiowajua. Walipokuuliza kwa nini, uliwajibu kwamba wewe pia uliwahi kuvuka mpaka na nguo moja.

Ulimwoa Mama akiwa na watoto wawili ambao hukuwazaa, Ignace na Héritière, na hatukulisikia hata siku moja neno "wa kambo" mdomoni mwako. Kiswahili chetu cha Lubumbashi ulijifunza jikoni, na jikoni humo ulitutesa: sombe ya Mama, yale majani ya muhogo, uliinyunyizia ile pilipili yenu ya Hungaria, nyekundu isiyowasha, halafu ukasema sasa ndiyo imeiva. Mama alikununia kila mara, na kila mara alikuongezea sahani.

Habari za kwenu tulizijua kwa sababu ya kosa. Mama ni fundi cherehani, hawezi kuona kitambaa kimetoboka akakiacha. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu alikuta sandukuni mwako bendera nyekundu, nyeupe na kijani, katikati ina tundu lililokwenda upogo. Akatafuta kitambaa cheupe, akaliziba kwa mshono wake mzuri kabisa, akaipiga pasi na kuiweka kitandani ikusubiri kama zawadi. Uliporudi kazini uliketi ukaitazama muda mrefu. Kisha ukamwambia, "Arlène, ile shimo njo bendera yenyewe."

Siku hiyo ndipo ulipomtaja Ilka, dada yako. Mwaka 1956 watu wa Budapest waliinuka dhidi ya serikali yao na Warusi walioishikilia, wakawa wanakata ile nembo ya nyundo na suke la ngano iliyokuwa katikati ya bendera. Ilka, wa miaka kumi na tisa, aliikata ya kwenu kwa kisu cha jikoni. Wewe, wa miaka kumi na minne, ulimshikia kitambaa, ukacheka, mkono ukatikisika, na ndiyo maana tundu lilikwenda upogo. Siku chache baadaye alipigwa risasi akiwa kwenye foleni ya mkate. Wewe ulivuka kuingia Austria, bendera hiyo umejifunga chini ya shati. Mama alikaa karibu yako akaifumua kazi yake, uzi mmoja mmoja, mpaka tundu likarudi lilivyokuwa.

Tangu hapo tulijua una ombi moja tu. Kila tarehe 23 Oktoba, siku watu walipoinuka, Wahungaria wa Johannesburg hukusanyika ukumbini na kusoma majina ya waliokufa. Ulitaka lisomwe na la Ilka. Miaka yote ukaambiwa orodha ni ya wapiganaji, na dada yako alikuwa amefuata mkate. Kana kwamba risasi ilimuuliza kwanza alichofuata. Hata hivyo ulikwenda kila mwaka na suti yako ya kahawia, ukarudi na vipande vya keki kwa ajili yetu, bila kuwasema vibaya. Sisi, Papa, hatuna uungwana wako.

Ulipokwisha kuzikwa, hao wa ukumbini walikuja kuiazima bendera kwa maonyesho yao. Mama aliwapa kwa sharti moja: jina la Ilka liandikwe kwenye kadi, na lisomwe. Wakakubali, wakampa mkono. Siku ilipofika tulikwenda sote, Mama amevaa kitenge alichotoka nacho siku ya harusi. Bendera ilikuwa ndani ya kioo. Ignace alisoma kadi akatufasiria: ni bendera ya shujaa Vilmos Harmati, aliyechoma vifaru akiwa na miaka kumi na minne. Wewe, uliyekuwa ukituita sisi tukuwashie jiko la gesi! Ilka hakuandikwa popote. Majina yakasomwa hadi mwisho, lake halikutajwa.

Halafu Mama akalitazama tundu. Lilikuwa duara, safi kama mdomo wa kikombe. Mtu alichukua mkasi akaunyoosha upogo wa dada yako ili bendera ipendeze kwenye picha.

Mwenyekiti wao alieleza kwa upole kwamba walifanya hivyo kwa heshima, kwa sababu ilionekana kama imetafunwa na panya. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Mama hakupaza sauti. Alimwambia, na Héritière akatafsiri: "Mi nilikosa, nikafumula. Nyinyi mutafumula na nini?"

Tuliuliza vipande vilivyokatwa viko wapi, tukaambiwa vilishatupwa. Tukaichukua bendera, tukaondoka. Iko nyumbani na haitatoka tena. Sasa wanatusihi tusiwaaibishe, eti mambo haya yangemalizwa kimyakimya. Kimya walishakupa wewe miaka yote, kinatosha.

Papa, hukuchoma kifaru. Ulishika kitambaa. Hilo ndilo ulilotuambia, na hilo ndilo tutakalowaambia wajukuu. Na kwa kuwa ukumbini hawakulisoma, tunalisoma hapa sisi: Ilka Harmati, miaka kumi na tisa, aliyekufa akiwa amekwenda kununua mkate.

Mnakumbukwa na Mama Arlène, mke wako na wifi yake. Watoto wenu Ignace na Héritière. Mkwe wenu Lambert. Na wajukuu wenu Pitchou na Mamie.

Daima tutawakumbuka, wote wawili.