Gongo Kwenye Tangi la Baba Paulina

Baba Paulina,

Hali yako sikuulizi. Nilikuwepo pale Nangara wanakufukia, na kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu hukubisha. Mimi bado nipo. Meno yamebaki machache ya mbele, ya kukuchekea wewe.

Nakuandikia kuhusu pikipiki yako. Siku ya kuondoa matanga, shemeji yako Gwandu alisimama na chupa ya gongo. Akasema, "Marehemu alipenda pikipiki na kinywaji, basi aagwe kwa vyote viwili." Akafungua tangi, akamimina mpaka chupa ikaisha. Wazee wakapiga makofi. Mimi roho iliniuma, maana gongo yenyewe ilikuwa nzuri.

Asubuhi yake Paulina akapiga kiki ampeleke mama yake sokoni. Pikipiki ikakohoa kama wewe wakati wa baridi, ikazima. Mama Paulina akasema, "Hata hili chuma limekufa naye. Liuzwe." Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nikamwambia Mama Paulina, "Shemeji, nipe leo tu."

"Wewe unajua nini zaidi ya kupanda nyuma?"

Kweli, nilikuwa abiria. Ila abiria naye ana masikio! Unakumbuka pale Bagara, vijana wa bodaboda walivyokuwa wanabishana kuhusu petroli yenye ethanoli, ile spiriti ya miwa? Ukawaambia, "Kila mtu asome kitabu cha pikipiki yake. Kikiruhusu, weka kiasi kilichoandikwa, usizidishe. Hii yangu ni bikizee, mipira yake haiwezi pombe." Halafu ukatia maji kidogo kwenye chupa, ukachora mstari yalipofika, ukaongeza petroli, ukatikisa, ukasubiri. "Maji yakipanda juu ya mstari, spiriti imo. Inaikimbia petroli, inafuata maji." Nikakwambia basi wewe ndiye maji, maana spiriti haijawahi kukupita. Ulininunia mpaka nyumbani.

Basi nikachota mafuta tangini, nikafanya vilevile. Maji yalipanda, mwenzangu! Na gongo ya Gwandu ilikuwa na maji yake mwenyewe, yametulia chini kabisa, ndiyo yaliyokuwa yananyweshwa injini. Nikamwaga yote. Kabureta nikaisafisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikatia petroli safi ya kituoni, siyo ya chupa za barabarani. Paulina akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena.

Ikashika.

Ule mlio, Baba Paulina. Ule ule. Mama Paulina akatoka jikoni na kikombe chako cha chai, kimejaa, kama alivyokuwa akikupokea ukifika. Akasimama mlangoni. Akakitazama kile kikombe.

Akasema polepole, "Haiuzwi."

Chai akanipa mimi. Sukari yote ile ulikuwa unaimaliza peke yako, mtu wewe?

Haya, lala. Nakuahidi hakuna tone litakaloingia kwenye tangi lako bila kupimwa kwanza kwenye chupa yangu, na Gwandu haruhusiwi kulisogelea. Gongo yake tutaipitisha mdomoni, kwa heshima yako. Na siku yangu ikifika, njoo unipokee njiani. Wewe endesha. Mimi nitakaa nyuma, nikusumbue.

Mtani wako,
Baba Yosefu